Suti ya Laki Mbili, Ofa ya Laki Saba

Mpwa wangu alimaliza mitihani ya Law School siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi alikuwa sebuleni kwangu na karatasi mkononi. "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia, nikamkaribisha chai, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile karatasi. Alikuwa ameipiga mistari kwa rula kama mhasibu: suti mbili mpya, 360,000, viatu, 90,000, joho la mahakamani, 150,000, kompyuta mpakato mpya, 1,400,000, vitabu vya sheria, 250,000, begi la ngozi, 120,000, kadi za biashara, 40,000. Jumla shilingi 2,410,000. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, ameandika: "Mjomba???"

Nilimuuliza swali moja tu: nauli iko mstari wa ngapi?

Haikuwepo. Kodi ya chumba nayo haikuwepo, wala chakula, wala bando. Binti alikuwa amejiandaa kuonekana wakili, hajajiandaa kuishi mpaka siku atakayokuwa wakili. Sikumcheka, kwa sababu karatasi yangu ya enzi hizo ilifanana na yake, tofauti ni kwamba mimi niliweka na tai tatu. Tukakaa mpaka adhuhuri tukiipanga upya, na wiki iliyofuata nikazunguka mjini kuuliza bei. Bei za madukani ninazozitaja hapa ndizo nilizoambiwa mimi. Wewe ukienda, bishana nao.

Tuanze na kitu ambacho hakiuzwi dukani: kusubiri.

Asiyeijua njia ya uwakili hudhani ukimaliza Law School of Tanzania pale Sinza, Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, unatoka na joho begani. Sivyo. Unasubiri matokeo. Ukipata sapu unarudia, na kurudia kuna ada na kuna miezi. Ukifaulu unapeleka ombi kwa Jaji Mkuu, kisha unasubiri tarehe ya kuapishwa, halafu kuna Chama cha Wanasheria Tanganyika na leseni ya mwaka. Katikati ya yote hayo tumbo haliulizi uko hatua gani. Na sapu si jambo la kumtokea mtu mvivu peke yake. Mwaka 2022 nchi nzima iliijadili Law School baada ya matokeo kuonyesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliopata sapu walikuwa 342, na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kutafuta kiini. Mimi sina ugomvi wa kuendeleza hapa kuhusu nani alikosea, walimu au wanafunzi. Ninachosema ni cha mfukoni: anayepanga bajeti yake kana kwamba yumo kwenye wale 26 anacheza bahati nasibu.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa karatasi mpya uliandikwa "miezi sita". Si lazima iwe sita, inaweza kuwa mitatu au kumi. Lakini ukiwa na akiba ya kula na kusafiri kwa miezi sita, hutakubali ofa ya ovyo kwa sababu ya njaa, na ofa za ovyo ndizo zinazowahi kuja.

Sasa chumba. Mpwa wangu alitaka kupanga Sinza, karibu na marafiki. Chumba kimoja alichokiona kilikuwa 100,000 kwa mwezi. Kwa Dar es Salaam hilo halimaanishi kwamba unahitaji laki moja. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango. Hapo ni 700,000 kabla hujanunua godoro, na kabla hujajua kama Luku mnachangia na wapangaji wanne au kila mtu ana yake. Upande wa pili kuna kubaki kwa shangazi yake Mbagala. Weka shilingi 600 kwa kila gari, magari mawili kwenda na mawili kurudi, siku 22 za kazi: 52,800 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni 316,800. Tofauti na chumba ni zaidi ya 380,000, na kwa shangazi chakula cha usiku kipo.

Bei ya kukaa mbali ni muda. Kesi zinaitwa kuanzia saa tatu asubuhi. Ukitokea Mbagala ukitaka kuwa mahakama ya Kisutu saa mbili na nusu ukiwa umetulia, umekwishatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu. Jasho la daladala nalo ni gharama, maana shati jeupe haliendi siku mbili. Hata hivyo nilimwambia abaki Mbagala mpaka mshahara wa pili uingie. Nasema wa pili kwa sababu wa kwanza huwa una wenyewe: mama, kanisani au msikitini, na deni la rafiki aliyekukopesha nauli ya usaili.

Kuhusu nguo nina maneno mengi, nivumilieni.

Nilipita maduka matatu Kariakoo. Suti mpya ya kike, sketi na koti, rangi nyeusi, niliambiwa 180,000. Muuzaji akashuka mpaka 150,000 nilipogeuza mgongo. Kitambaa chenyewe ni polista inayong'aa ukiwa juani, na bitana imeshonwa kwa mshono mmoja. Mtu akikaa mahakamani siku nzima kwenye kiyoyozi kilichokufa, suti ile inageuka tanuri. Kisha nikaenda Karume kwenye mitumba. Saa moja asubuhi, robota la makoti lilikuwa ndiyo kwanza limekatwa. Nikaokota koti jeusi la sufu nyepesi, lebo ya ndani imefifia, vifungo vyote vipo, kwapa halijapauka. Muuzaji: elfu arobaini. Mimi: ishirini. Tukamalizana 28,000. Sketi ya rangi inayolingana, 10,000. Fundi wa Ilala akabana kiuno, akafupisha mikono, akabadilisha bitana iliyochanika, 15,000. Jumla 53,000, na koti limekaa kama alipimwa yeye.

Njia ya tatu ni kushonesha: kitambaa unanunua mwenyewe, fundi anashona. Nilipewa hesabu ya kati ya 130,000 na 160,000 kwa suti moja. Hii ni nzuri kwa mwenye umbo ambalo mitumba hailijui, mrefu sana au mnene wa juu, na kwa mtu mwenye fundi wa kuaminika. Kama fundi wako ni wa "njoo kesho", utaapishwa na gauni la harusi ya dada.

Uamuzi wangu ni suti mbili za mtumba zilizorekebishwa na mashati manne meupe. Viatu nunua vipya. Viatu vya mtumba vimeshazoea miguu ya mtu mwingine, na mwaka wa kwanza wa mwanasheria ni mwaka wa kutembea: masijala, benki, ofisi ya ardhi, kwa mteja, kurudi masijala. Tisini elfu alizoziandika kwa viatu sikuzigusa.

Joho nililifuta. Mtu ambaye hajaapishwa hana mahali pa kulivalia, na hata akiapishwa, kesi nyingi za mwaka wa kwanza ziko mahakama za chini ambako suti nyeusi inatosha. Joho ni la Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Kwa siku ya kiapo yenyewe unaazima kwa kaka au dada aliyekutangulia. Mawakili ni wagumu wa kukopesha fedha, lakini joho watakupa. Kadi za biashara nazo nilizifuta, kwa sababu karatasi haikusema zitaandikwa cheo gani.

Kompyuta. Mpya ya milioni moja na laki nne ina dhamana ya mwaka mmoja, na hilo ndilo unalolilipia. Zilizotumika, zile wanazoziita "used ya Dubai", niliziona kuanzia 450,000 mpaka 600,000, madaraja ya ofisini yenye kibodi imara. Kazi ya mwanasheria mchanga ni kuandika, kusoma hukumu na kupakia nyaraka kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama. Haihitaji mashine ya kuhariri filamu. Angalia betri, angalia bawaba za kioo, bonyeza kila kitufe, na mwambie muuzaji aiwashe bila chaja mbele yako kwa nusu saa huku mkiongea habari za Simba na Yanga. Ikizimika kabla hamjafika kwenye mwamuzi, iache.

Halafu vitabu, na hapa karatasi ya mpwa wangu ilikuwa na kosa la hatari kuliko yote. Alikuwa amepatana na mtu wa Law School anayeuza seti yake ya sheria zilizochapwa na kutiwa jalada. Nikamuuliza, toleo la mwaka gani? Baadhi zilikuwa za 2002, nyingine 2019. Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Toleo la Urekebu la 2023 la sheria kuu za nchi, na likaanza kutumika Julai 1, 2025. Ndani yake kuna vifungu vilivyohama namba. Mtu anayenukuu mbele ya hakimu kifungu cha kitabu cha zamani, na upande wa pili una toleo jipya, hujifunza maana ya ukimya. Vitabu vile vya laki mbili na nusu havikuwa na thamani zaidi ya karatasi ya kufungia maandazi. Sheria na hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, na kinachobaki kulipia ni bando. Nilimwachia shilingi 30,000 achape na kutia jalada sheria mbili tu atakazozishika kila siku, ya mwenendo wa mashauri ya madai na ya ushahidi, kutoka toleo jipya.

Kabla hatujafika kwenye ofa, kuna uwekezaji mmoja ambao haukuwa kwenye karatasi yake wala kwenye karatasi ya mwanafunzi yeyote niliyewahi kumwona: kujifunza kuandika hati za Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Vijana wetu wanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha wanakutana na mteja wa Gongo la Mboto anayetaka kusoma mwenyewe kile anachokisaini. Anayeweza kuandika hati ya madai kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kuchanganya mdai na mdaiwa, ana bidhaa ambayo chemba nyingi za mawakili zinaihitaji. Haigharimu kitu. Chukua hukumu kumi za Kiswahili, zinakili kwa mkono.

Ofa zilianza kuja hata kabla ya matokeo, mbili kwa mara moja, nami nikaongeza njia ya serikalini ili tulinganishe tatu. Mbili za kwanza nimezisawazisha mshahara ili zilinganishike, kwa sababu tatizo la vijana wetu ni kulinganisha namba ya juu ya mkataba. Tuseme hizo mbili ni za 700,000.

Ya kwanza ni chemba yenye mkataba, mwajiri wa sekta binafsi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanakata asilimia 10, yaani 70,000. Inabaki 630,000 ya kutozwa kodi. Kodi ya mshahara haigusi 270,000 za mwanzo. Kuanzia hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, na kinachozidi 520,000 mpaka 760,000 ni asilimia 20. Kwa hiyo kodi yake ni 20,000 jumlisha 22,000, sawa na 42,000. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, anayodaiwa nayo, inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 105,000. Mkononi zinabaki 483,000.

Hapo binti alinyamaza. Laki mbili na ushee zimeondoka na bado hajapanda daladala.

Ya pili ni serikalini. PSSSF inakata asilimia 5 kwa mtumishi, 35,000. Kodi inahesabiwa kwenye 665,000, inakuwa 49,000. Bima ya afya ya NHIF asilimia 3, 21,000. Bodi ya Mikopo 105,000 ileile. Mkononi 490,000. Utasema tofauti ni shilingi elfu saba, nauli ya siku tatu. Tazama vizuri zaidi. Katika chemba, akiba ya uzeeni ni asilimia 10 zake na 10 za mwajiri. Serikalini ni 5 zake na 15 za mwajiri. Kwa mwezi zote ni 140,000 zinazoingia kwenye mfuko, lakini serikalini yeye ametoa nusu ya alichotoa kwenye chemba, na juu yake ana kadi ya bima ambayo mwajiri ameichangia kiasi kilekile alichokatwa yeye. Mtu mwenye mzazi mgonjwa anajua kadi ile ina uzito gani.

Gharama ya serikalini iko mlangoni. Maombi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira ni bure, ila vyeti vithibitishwe na wakili, na hapa kuna kichekesho chetu: mhitimu wa sheria anamlipa wakili agonge mhuri ili naye aje awe mgonga mhuri. Kisha usaili wa mchujo, na ukipita, mahojiano. Ukiitwa Dodoma kutoka Dar es Salaam, treni ya SGR iliyoanza safari hizo mwaka 2024 ilitoza 31,000 daraja la kawaida. Kwenda na kurudi ni 62,000. Ongeza gesti usiku mmoja, chakula, bodaboda. Ukiitwa mara mbili umekaribia 200,000, na chumba cha usaili kina watu mamia wanaogombea nafasi zinazohesabika kwa vidole. Tena ukipata, kituo hukichagui wewe. Nilimwambia aombe kila tangazo linapotoka, aweke akiba ya usaili wa mara mbili, lakini asikae nyumbani akisubiri.

Ya tatu ndiyo iliyomvutia zaidi, na ndiyo iliyonipandisha sauti. Wakili mmoja mwenye ofisi nzuri mjini alimwambia: hakuna makato, hakuna urasimu, nakupa laki tano mkononi kila mwezi, na asilimia 10 ya mteja yeyote utakayemleta. Mkataba tutaandika baadaye. Binti akapiga hesabu haraka: laki tano ni zaidi ya 483,000! Na asilimia juu.

Nilimhadithia yaliyonikuta. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyohiyo, kwenye chemba ambayo sitaitaja. Nilikuwa nalipwa nauli, elfu kumi kwa siku niliyoonekana ofisini, na ahadi ya asilimia. Mwezi wa tano nikamleta mteja wa mirathi, jirani yetu, akalipa milioni moja na nusu mbele yangu. Nikasubiri 150,000 zangu. Bosi akasema subiri kesi iishe. Kesi za mirathi zinavyokwisha mnazijua. Niliondoka mwezi wa saba bila barua ya utambulisho, bila michango ya NSSF, na jirani alidhani nimekula hela yake. Sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba niliwahi kufanya kazi pale. Na mimi mwanasheria!

Ihesabu ile laki tano ipasavyo. Ofa ya kwanza: 483,000 mkononi, 140,000 kwenye mfuko wa hifadhi, 105,000 zimepunguza deni la Bodi. Jumla ni 728,000 za thamani kila mwezi. Ofa ya tatu: 500,000, basi. Deni la Bodi linabaki vilevile, maana kutokatwa si kusamehewa. Kinachosaidia siku hizi ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Zamani deni lilikuwa linanenepa ukiwa umelala. Ili ile asilimia 10 ya wateja izibe pengo la 228,000, binti wa miaka 25 anayeishi Mbagala alete kila mwezi wateja wa ada ya milioni mbili na laki tatu hivi. Atawatoa wapi?

Kuna la kisheria pia, na linatia aibu kulieleza kwa watu wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza, si baadaye. Inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Na ina kifungu ambacho kila anayeanza kazi akijue: kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo tarehe ya kuanza ina thamani ya fedha, na bila maandishi tarehe hiyo ni ya bosi kuikumbuka.

Kuna mashirika yasiyo ya kiserikali na kuna mabenki, nipite haraka. Shirika linaweza kulipa vizuri kuliko wote, lakini mkataba hufuata mfadhili. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, watu waliokuwa na mikataba mizuri walirudi nyumbani wiki hiyohiyo. Ukienda huko, weka kando theluthi ya mshahara tangu mwezi wa kwanza. Benki na taasisi za mikopo zinachukua maafisa sheria hata kabla hawajaapishwa, mshahara unaingia kwa tarehe, lakini utashinda kwenye hati za rehani na barua za madeni. Mahakamani utapita kama msindikizaji. Anayetaka kuwa mtu wa mahakama asikae huko zaidi ya miaka miwili.

Wengine wanauliza: kwa nini nisijiajiri, mhuri wangu na meza yangu? Nenda siku moja ukawatazame wanaofanya hivyo jirani na mahakama. Nilikaa na mmoja asubuhi nzima: meza, mwavuli, kijana wa kuchapa. Viapo vitatu, nakala za vyeti sita zilizothibitishwa, mkataba mmoja wa kuuziana pikipiki. Alipata fedha ya kula, siwezi kukataa. Lakini ukifungua ofisi halali, TIN ni bure na jina la biashara BRELA halisumbui. Kinachouma ni kodi ya pango la miezi kadhaa mbele, mashine ya risiti, na VAT. Wengi hawaijui hii. Mfanyabiashara wa kawaida husubiri mauzo yake yafikie kiwango fulani ndipo asajiliwe VAT. Mtoa huduma za kitaalamu, wakili akiwemo, husajiliwa bila kujali mauzo. Yaani mteja wako wa kwanza kabisa unamwongezea asilimia 18 juu ya ada, naye anakwenda kwa yule wa mwavuli. Leseni ya uwakili nayo ni ya mwaka wa kalenda: anayeapishwa Desemba aulize kwanza kabla ya kulipia, asije akalipa mara mbili ndani ya wiki sita. Miaka miwili chini ya wakili mwenye kazi nyingi kwanza, halafu mwavuli.

Wenzetu wa Kenya njia yao ina vituo vingine: Kenya School of Law pale Karen, ambako ada ya mafunzo kwa miaka mingi ilikuwa KSh 190,000, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na miezi sita ya kufunzwa chini ya wakili. Rafiki yangu wa Nairobi alipoisoma karatasi ya mpwa wangu alicheka, akasema kwao kijana huorodhesha vitu hivyohivyo na nauli huisahau vilevile.

Karatasi mpya ilifika hapa: suti mbili za mtumba na fundi, 106,000, mashati manne, 40,000, viatu, 90,000, kompyuta iliyotumika, 500,000, kuchapa sheria mbili, 30,000, begi la turubai, 25,000, akiba ya usaili wa mara mbili, 200,000, nauli ya miezi sita, 316,800, chakula cha mchana na bando miezi sita kwa 120,000 kila mwezi, 720,000. Jumla 2,027,800. Chini ya ile ya kwanza kwa karibu laki nne, na ndani yake kuna nusu mwaka wa kuishi.

Kwa atakayepewa ofa wiki hii: omba mkataba ukausome nyumbani usiku mmoja. Tazama mambo manne: mshahara wa msingi ni upi na posho ni ipi, namba yako ya NSSF itaanza kuchangiwa mwezi gani, nani atalipia leseni yako utakapoapishwa, na nani hasa atakaa na wewe kusahihisha kazi yako. La mwisho ndilo ningelilipia mimi, hata kwa kupunguziwa laki moja. Kisha piga hesabu ya makato kwa viwango vya mwaka huo, kwa sababu sheria ya fedha ya kila Julai inaweza kuvigusa. Ukiambiwa mkataba utakuja baadaye, nawe waambie utakuja baadaye.

Mpwa wangu aliichukua ile ya kwanza, 483,000 mkononi. Alianza na koti la Karume. Laki nne za kuongezea nilimpa mimi, tukaandikiana, na ataanza kunirudishia mshahara wa tatu.